Uzito kwanza, nguvu baadaye: nilivyoizoea pikipiki kubwa hapa Mtwara

Siku ya tatu tangu niipokee, pikipiki yangu ilianguka ikiwa imesimama. Nilikuwa nimeiegesha nje ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, nikaingia ndani kumpimia mteja misumari. Nikasikia kishindo. Nilipotoka niliikuta imelala ubavu wa kushoto, kioo cha pembeni kimepasuka na petroli inachuruzika kutoka kwenye mfuniko wa tanki. Stendi ya pembeni ilikuwa imezama mchangani kama kigingi. Tuliiinua wanaume watatu, kila mmoja akivuta upande wake, na siku mbili mgongo uliniuma.

Ninachotaka kusema ni hiki. Miezi sita kabla ya kununua nilimuuliza kila niliyemjua aliyewahi kukalia pikipiki kubwa za aina ile ya kukaa chini, miguu mbele, usukani mpana. Kila mmoja alinieleza kuhusu injini. Hakuna aliyenieleza kuhusu uzito, na uzito ndio kazi yenyewe.

Niliyoinunua ni Yamaha DragStar 1100 iliyotumika (namba hiyo ni ukubwa wa injini kwa sisi, yaani cc), niliitoa Dar es Salaam. Kabla yake niliendesha Boxer 150 kwa miaka kumi na moja, na Boxer haifiki kilo 130. Hii inavuka kilo 260 kabla sijaikalia. Leseni yangu daraja A nilikuwa nayo tangu zamani, kwa hiyo upande wa sheria sikuwa na tatizo. Mikono na miguu ndiyo iliyokuwa bado ya Boxer.

Maoni niliyoyapata yalitofautiana sana. Jamaa mmoja wa Dar aliyekuja Mikindani mapumzikoni na DragStar 650 aliniambia 1100 ni kujitesa bure, kwamba barabara zetu zenye vijiji kila baada ya kilomita chache hazikupi nafasi ya kuitumia. Rafiki yake mwenye Suzuki Intruder 1800 alimkatiza: ukishaonja injini kubwa, alisema, ile ndogo itakuchosha kwa sababu kila ukitaka kulipita lori lazima ushushe gia. Wakahamia kwenye ubishi wa Harley, kampuni ya tangu 1903, na kama bado inastahili bei yake. Halafu wakaingia kwenye Triumph Rocket III ya Waingereza, ile iliyotoka 2004 ikiwa na sisi 2,294 na silinda tatu, na mrithi wake wa 2019 mwenye sisi 2,458. Injini kubwa kuliko ya magari mengi yaliyoegeshwa pale nje! Mmoja aliiona ni kilele cha pikipiki, mwingine aliiona ni mzigo usio na sababu.

Fundi wangu alikuwa na lake: "Kaka, hiyo ikikata kebo ya klachi hapa Mtwara, unasubiri basi la Dar." Na vijana wa kijiwe cha bodaboda cha jirani waliuliza swali moja tu: inabeba magunia mangapi ya korosho? Nililiheshimu swali lile. Kwa mtu anayekula kwa pikipiki, ndilo swali la kwanza, na jibu ni kwamba haibebi hata moja vizuri.

Kuhusu nguvu, nakubaliana na yule wa Intruder, ila kwa sababu ambayo hakuisema. Boxer ina nguvu za farasi kama 12, na kuzipata lazima uizungushe injini mpaka ipige kelele. DragStar 1100 ina farasi 62, idadi ambayo pikipiki nyingi za mashindano zenye injini ndogo zaidi zinaipita kwa mbali. Tofauti iko kwenye msukumo (torque), ile nguvu ya kuzungusha gurudumu. Silinda zake mbili kubwa zinatoa msukumo wake mkubwa kabisa kwenye mzunguko kama 2,500 kwa dakika, yaani injini ikiwa bado inanguruma polepole. Ukiwa gia ya nne nyuma ya lori la saruji, unafungua resi kidogo na inaondoka bila kushusha gia na bila kishindo. Huo ndio utamu wake. Kwa sababu msukumo unakuja mapema na kwa utaratibu, nguvu ile haikuwahi kunitisha. Kilichonitisha ni kugeuza pikipiki mbele ya soko watu wakinitazama.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja jirani yetu, askari mstaafu aliyeendesha pikipiki kubwa za kazi kwa miaka mingi. Alikuwa amekaa barazani kwake siku ile ilipoanguka. Jioni nilipopita kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza: "Mwanangu, mliinuaje ile?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Mtavunjika. Njoo nayo Jumapili asubuhi, uje na maji ya kunywa."

Jumapili ile, kwenye eneo la wazi la zege, kitu cha kwanza alichoniamuru ni kuilaza chini juu ya magunia, makusudi. Akanionyesha jinsi mtu mmoja anavyoinua. Kwanza zima injini na uitie gia ili isibingirike. Ikiwa imelalia kulia, ifungue stendi ya pembeni kabla hujaigusa, usije ukaiinua ikaangukia upande wa pili. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea upande iliolalia. Kisha ipe mgongo. Kalisha makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mpini wa chini, mwingine ushike chuma imara cha fremu, mgongo uwe umenyooka, na urudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Mapaja ndiyo yanayofanya kazi. Mara ya kwanza sikuamini: kilo zaidi ya 260 zilipanda polepole nyuma yangu kama mlango mzito unaofunguka. Nilirudia mara nne. Siku hiyo hofu ya kuangusha ilipungua kabisa, maana nilijua hata ikianguka nikiwa peke yangu Nangurukuru, huko njiani kwenda Dar, nitaiinua.

Kilichofuata kilichukua Jumapili tano: mwendo wa polepole. Hapa ndipo wengi wenye pikipiki kubwa niliowaona wanapokosea, kwa sababu barabarani kila mtu anaonekana fundi. Ukitaka kumjua mwendeshaji, mtazame akigeuza kwenye njia nyembamba. Mzee alinifundisha kukaa pale klachi inapoanza kushika, nisiiachie yote wala nisiikamate yote, resi ikiwa juu kidogo na palepale, huku mguu wa kulia ukikandamiza breki ya nyuma taratibu. Injini inataka kwenda, breki inaizuia, na katikati ya mvutano huo pikipiki inasimama wima yenyewe. Breki ya mkono akanikataza kabisa usukani ukiwa umegeuzwa. Niliigusa mara moja kwa mazoea ya Boxer, gurudumu la mbele likajikunja na uzito wote ukaniangukia mguuni. Kwenye Boxer ningeukita mguu nikaendelea. Hapa mguu hauna ubishi na chuma kile.

"Usitazame chini," alikuwa akisema kila mzunguko. "Macho yakienda chini, na yeye anakwenda chini." Aliniwekea makopo mawili ya rangi, nikawa nayazunguka kwa umbo la nane. Nilipotazama kopo nililigonga. Nilipogeuza shingo mpaka kidevu kikagusa bega, nikatazama ukuta wa mbali ninakotaka kutokea, pikipiki ilizunguka yenyewe. Mpaka leo sijui kulieleza hilo vizuri kuliko alivyolieleza yeye.

Kwa upande wa stendi, suluhisho ni kipande cha ubao wa mninga, kimelainishwa, kikubwa kama kiganja changu. Nimekitoboa pembeni na kukifunga kamba ndefu. Nikisimama mahali penye mchanga nakidondosha chini, naweka stendi juu yake, na kamba naifunga kwenye usukani. Nikitaka kuondoka nakivuta kwa kamba bila kuinama. Hata lami yetu jua la mchana huilainisha, kwa hiyo nakitumia popote.

Baada ya miezi miwili ndipo nilipoipeleka Lindi. Barabara ile ninaipenda kuliko zote: unapita Mikindani bahari ikiwa kando yako, minazi na mashua, kisha mikorosho mpaka Mnazi Mmoja pale barabara ya Masasi inapochepuka, halafu Lindi. Ni kama kilomita 105 hivi. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na niliona faida ya uzito kwa mara ya kwanza. Upepo wa ubavu ambao ungeisukuma Boxer mpaka katikati ya barabara, hii iliupokea na kutikisika kidogo tu. Hata lori likipita kwa kasi upande wa pili, lile dhoruba lake halikunitoa kwenye mstari. Kwenye kona unasukuma mpini wa upande unakoelekea, unasukuma kweli, na inalala bila haraka. Mama watoto wangu nyuma alisinzia. Kwenye Boxer hajawahi kusinzia hata mara moja, na aliporudi nyumbani hakulalamikia kiuno.

Adha zipo, na naziandika ili anayetaka kununua azijue. Matuta ya vijijini ni adui wa kwanza, kwa sababu tumbo la pikipiki liko chini. Nayapanda kwa mshazari, taratibu, na tuta lililojengwa vibaya bado hulikwangua. Mabomba ya moshi yako kulia, na kwenye foleni au ukisubiri msafara wa magari upite, joto la injini linapanda kwenye paja mpaka suruali nyepesi haifai. Tanki linachukua lita 17, linalotosha kutoka Mtwara mpaka Lindi na kurudi, lakini nikienda Dar, safari ya kilomita zaidi ya 550, najaza Lindi na najaza tena Nangurukuru hata kama mafuta bado yapo. Tairi la nyuma ni 170/80-15, na saizi hiyo sijawahi kuikuta dukani hapa. Naagiza kabla la zamani halijaisha, linakuja kwa basi. Kwa upande mwingine haina cheni. Inaendeshwa kwa shafti, kwa hiyo ule usumbufu wa kukaza na kupaka oili cheni iliyojaa vumbi umekwisha, nabadilisha tu oili ya gia ya nyuma kwa wakati wake. Kwa vumbi letu, hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuichagua.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, nilikuwa na safari ya Dar. Nilisikia bodaboda wanavusha watu kwenye udongo uliolowa, wengine wanazibeba pikipiki mabegani. Yangu haibebwi begani. Niliahirisha, na sikujuta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama achukue 650, 1100 au zile za 1800, namrudishia swali: utaiegesha wapi, na utaigeuzia wapi? Kama kwako ni mchanga mtupu na lami iko mbali, 650 itakuheshimu zaidi, na Boxer itakuheshimu kuliko zote. Kama unaishi kando ya lami na safari zako ni za Lindi, Masasi na Dar, chukua kubwa, lakini Jumapili zako tano za kwanza zitoe kwa mwendo wa polepole kabla hujafungua resi. Ukimpata mzee wa kukufundisha, mpelekee samaki, umpelekee na heshima.

Shemeji zangu wanaishi kilomita tatu ndani kutoka barabara ya Masasi, upande wa Mtama. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuingia nayo. Mita mia mbili tu, gurudumu la nyuma likachimba mpaka fremu ikakalia mchanga, na ilituchukua karibu saa nzima na majembe mawili kuitoa. Sasa naiacha pale njia panda kwa mama ntilie, chini ya mkorosho, naweka ubao chini ya stendi na kumlipia chai kijana anayeitupia jicho. Napanda boda mpaka nyumbani kwa shemeji. Jioni nikirudi naikuta palepale, imeegama vilevile, na ubao haujazama.