Damu haikupanda baada ya kujifungua, kumbe shida ilikuwa chai

Wamama wenzangu, leo nimetoka kupima, kiwango cha damu (hemoglobini) kimefika 11.8, nikasema niandike kabla sijasahau. Nilijifungua hapa Dodoma nikapoteza damu nyingi, wiki ya tatu nikipanda ngazi tatu tu moyo unadunda kama nimekimbia, kizunguzungu, kucha nyeupe, nikapimwa ikawa 8.6. Nikapewa vidonge vya madini chuma. Nikanywa pia juisi ya choya (rozela) na bitiruti, mama mkwe akanipikia maini na mlenda kila siku, mwezi mzima ukapita damu 8.9, nililia jamani.

Sasa nesi mmoja wa kliniki akaniuliza swali dogo tu, "mama, kidonge unamezea nini?" Nikamwambia chai ya maziwa, asubuhi, na uji wa uwele. Akasema hapohapo ndipo penye shida, majani ya chai na maziwa vinazuia chuma kisiingie mwilini, hata uji wa nafaka unapunguza.

Nikabadilisha: kidonge saa nne asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji na chungwa moja, chai mpaka yapite masaa mawili. Choo kikawa cheusi, nesi alishanitoa hofu, ni kawaida. Kichefuchefu kilinisumbua wiki ya kwanza, akaniambia nimeze siku moja niruke moja, kikatulia.

Wiki sita, 11.8. Ameniambia niendelee miezi mitatu mingine ili akiba ya chuma mwilini ijae. Na ukiona unahema hata umekaa au damu inatoka nyingi, usisubiri vidonge, wahi hospitali.