Staji yangu ilikuwa ya lehemu

Hapa Lubumbashi ukisema ulikuwa Ufaransa kwenye kampuni ya nyuklia, hutamaliza soda yako kabla mtu hajataja mgodi wa Shinkolobwe. Siwalaumu. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka pale. Lakini ile ni habari ya kupasua kiini kizito. Mimi nilikwenda kwa watu wanaotaka kinyume chake: wachukue aina mbili nzito za hidrojeni, deuteriamu na tritiamu, waunganishe viini vyake, vitoe heliamu na nyutroni yenye kasi kubwa. Ili viini hivyo vikubali kukaribiana, plazma, yaani gesi ya moto mkali ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni, lazima ipite nyuzi milioni 100, na hakuna chuma cha kuigusa ikiwa hivyo. Inashikwa na sumaku.

Plazma yenyewe sikuiona. Kampuni ilikuwa bado changa: karakana chini, ofisi juu, mtambo kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa staji, yaani wa mafunzo kazini, hupewa kazi ambayo wakubwa wameichoka, na mimi nilipewa viungo vya lehemu.

Sumaku za kampuni hizi mpya husukwa kwa ukanda wenye upana wa milimita 4 au 12. Ndani yake kuna tabaka la kauri, unene wa mikroni moja au mbili, lenye bariamu, shaba, oksijeni na madini adimu. Likipozwa vya kutosha linapitisha umeme bila ukinzani wowote. Nje linavikwa shaba (nilikwenda hadi Ufaransa kukutana na shaba, mtoto wa Katanga!). Faida yake ni hii: kwa mtambo wa ukubwa uleule, ukiongeza nguvu ya sumaku mara mbili, nishati ya muunganiko inaweza kupanda mara 16. Ndiyo maana Septemba 2021, Commonwealth Fusion Systems ya Marekani ilipofikisha tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa sumaku kubwa ya ukanda huo, wenye pesa walianza kusikiliza.

Shida ni kwamba ukanda una mwisho. Vipande vinaunganishwa kwa lehemu, na penye lehemu ukinzani unarudi. Pitisha ampea 10,000 kwenye kiungo chenye ukinzani wa nanoomu 100 (nanoomu ni sehemu ya bilioni ya omu), unapata joto la wati 10. Kwenye balbu ya sebuleni wati 10 ni kitu kidogo. Kwenye sumaku iliyopozwa hadi kelvini 20, yaani nyuzi kama 253 chini ya sifuri, kuliondoa joto hilo kunadai si chini ya wati 140, hata kwa mashine kamilifu ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza. Za kweli hula mara kadhaa ya hapo. Na viungo ni vingi.

Kupima ndiko nilikopenda. Unasafisha vipande viwili kwa spiriti, unapaka fluksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, unavilaza uso wa kauri ukitazama uso wa kauri, unavibana kwenye bamba la moto. Vikipoa unavitumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inachemka kwa fujo, ukungu mweupe unamwagika kutoka mezani hadi miguuni, inafoka mara ya mwisho, halafu inanyamaza. Hapo kipande kimeshapoa, washa umeme. Nyaya mbili zinaleta ampea, nyingine mbili zinasoma volti tu, ili ukinzani wa nyaya usijipenyeze kwenye hesabu. Ampea 100, mikrovolti 10: nanoomu 100. Rudia, badilisha mbano, rudia.

Niliporudi nyumbani, komini ya Kenya (ndiyo, na sisi tuna Kenya yetu), umeme ulikuwa umekatika na mjomba alikuwa na swali lake tayari: “Mama, ile moto yenu itafika huku lini?”

Nilimpa namba. Desemba 2022, leza za Marekani zilipiga kidonge cha deuteriamu na tritiamu kwa megajuli 2.05, kikatoa 3.15, ila leza zenyewe zilikuwa zimevuta kama 300 kutoka kwenye gridi. Mtambo wa JET, Uingereza, ulitoa megajuli 69 mwaka 2023, sawa na kilowati-saa 19 hivi, kisha ukafungwa. Kampuni nyingi zinataja miaka ya 2030. Mimi singekopa hata faranga kwa kutegemea tarehe hiyo.

Tarehe hazikumshughulisha. Alitaka kusikia habari za viungo, kwa sababu alizeekea kwenye ukumbi wa elektrolizi kule Likasi, ambako shaba hutolewa kwenye asidi kwa maelfu ya ampea. “Sisi tulikuwa tunapima kwa mkono,” akasema, akanionyesha: kiganja karibu na baa ya shaba bila kuigusa, unahisi kiungo kipi kina homa.

Nikachukua kalamu. Ampea 20,000, milivolti 10 zikipotea kwenye kiungo kimoja: wati 200 zinapasha hewa usiku na mchana, na hapo nitrojeni haihitajiki, multimeta nzuri inatosha. Mjomba aliikagua hesabu mara mbili, kisha akamwandikia mhandisi anayemfahamu kule Likasi. Jibu limekuja: niende, ila na viatu vyangu vya usalama. Mjomba anasema vyake vya zamani vitanienea. Anavaa namba 44.