Kibao, uzi na vidole vya nyota: kumbukumbu ya Juni

Juni 7. Kibao cha kamal, kifaa cha kale cha mabaharia cha kupimia nyota iko juu kiasi gani toka upeo wa bahari, kimekamilika. Fundi mmoja wa Keko, Dar es Salaam, alinipa kipande cha mninga, nikakipiga msasa hadi kikabaki sentimita 6 toka chini hadi juu, nikatoboa tundu katikati. Kamal ni hiyo tu: kibao na uzi wenye mafundo. Unauma fundo, unaunyoosha uzi, ukingo wa chini unaukalisha kwenye upeo wa bahari, unatazama kama nyota imegusa ukingo wa juu. Mabaharia wa Kiarabu walipima kwa isba, yaani kidole. Duara zima ni vidole 224, hivyo kimoja ni kama digrii 1.6.

Juni 15. Mafundo yamenila wiki nzima. La kidole cha 5 liko sentimita 42.7 toka kibaoni, la 6 ni 35.6, la 7 ni 30.5. Uzi wa katani ulilala ufukweni usiku mmoja ukanywea. Asubuhi fundo la 6 lilikuwa 34.8. Nimeanza upya kwa mshipi wa kusuka.

Juni 18. Pale Feri, soko la samaki, nikamweleza mzee mmoja wa majahazi kwamba kidole kiligawanywa zam 8, na zam moja ni mwendo wa chombo wa muda wa saa 3. Akanikatiza: "Hiyo si zamu, mwanangu? Zamu yako ikifika, unashika usukani, mwenzio analala." Miaka yote nasema zamu, sikuwahi kusikia bahari ndani yake. Na mabaharia wa Zheng He, amiri wa China, waliofika Malindi karne ya 15, nao walikuwa na vibao vyao 12, na kipimo chao nacho kiliitwa kidole! Jambo hili linanisisimua kuliko yote niliyosoma.

Juni 24, saa tatu usiku, Masaki. Jah, nyota ya kaskazini, kwetu huku iko chini ya upeo. Walioshuka kusini walihamia Farqadani, nyota mbili ziitwazo ndama, zinazoizunguka. Niliipata mojawapo, Kochab, yenye wekundu kidogo, ikiwa juu ya maji meusi, kisiwa cha Bongoyo mkono wa kushoto. Ikakaa barabara kwenye fundo la 6. Hesabu ya mahali hapa ilitaka vidole 5.7. Nikarudia mara nne, ikakataa kubadilika.

Juni 25. Nimeligundua kosa asubuhi, mbele ya kioo. Uzi unashikwa kwa meno, jicho liko nyuma ya meno kwa kama sentimita 2. Ongeza hizo kwenye 35.6: hesabu inarudi 5.7 kamili. Nyota haikukosea. Mafundo yote nayasogeza sentimita 2 kuelekea kibaoni.

Kilwa Kisiwani ni zaidi ya digrii 2 kusini ya hapa, kwa hiyo Kochab inatakiwa ishuke hadi vidole 4 na kitu. Fundo la 4 nimelifunga leo, sentimita 51.4. Basi la Kilwa ni Julai 8, na tarehe 9 saa mbili usiku nyota itakuwa kwenye kilele cha njia yake.