Anayechiti kwenye gemu aanikwe jina?
Jana jamaa kanipiga risasi kupitia ukuta mara tatu, anachiti waziwazi, nikaripoti, akafungiwa, afu basi, jina halitajwi popote. Wengi mnailaumu GDPR, ile sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, na kweli hata jina la kwenye gemu inalihesabu taarifa binafsi kama linaweza kumfikisha mtu kwa mwenyewe, na faini inafika yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya kampuni ya mwaka dunia nzima, yoyote iliyo kubwa. Ila haijakataza kutaja jina moja kwa moja, kampuni inatakiwa tu iwe na sababu halali. Mbona kwenye Steam, lile duka la gemu mtandaoni, ukifungiwa na VAC, mfumo wao wa kunasa wanaochiti, profaili yako inaonyesha? Mi jina la gemu sawa, jina alopewa na mamake hapana, mfumo nao hukosea. Huyo wa jana lakini, mh.