Kujihurumia Ukiwa na Selimundu

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 katika mwili wa mtu asiye na selimundu, lakini kwetu sisi wenye ugonjwa huu huishi siku 10 hadi 20 tu, na nyingi hujipinda mfano wa mundu zikaziba mishipa midogo. Uchovu ninaoamka nao asubuhi, basi, ni wa mwili unaotengeneza damu usiku na mchana bila kufikia kiasi unachokihitaji. Hata hivyo, kuyafahamu maelezo hayo ni kazi nyepesi kuliko kuacha kujiona mvivu unapojilaza saa nane mchana huku wenzako wakiendelea na shughuli zao.

Kristin Neff, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2003 kwamba kujihurumia kuna sehemu tatu: kujitendea wema, kukumbuka kuwa mateso ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyakana. Sehemu ya kwanza ndiyo inayohubiriwa sana, nami naiona dhaifu ikisimama peke yake, kwa sababu huishia katika maneno matamu. Ya pili ndiyo iliyonisaidia zaidi, hasa siku za kliniki, ninapoketi benchi moja na mama aliyempakata mtoto mwenye macho ya njano na kijana wa chuo aliyevaa sweta katika joto la Dar es Salaam, kwa maana baridi ya kiyoyozi cha basi inatosha kumwamshia maumivu.

Mfano ninaoupenda ni safari ya mkoani. Abiria wengi hawanywi maji njiani ili wasisumbuke, lakini mwenye selimundu akikaukiwa na maji huwa ameyaalika maumivu, na isitoshe figo zetu haziwezi kuukoleza mkojo ipasavyo, kwa hiyo tunakojoa mara nyingi kuliko wengine. Kwangu, kujihurumia ni kunywa maji yangu yote na kumwambia kondakta bila haya, "Kaka, naomba tusimame nichimbe dawa," hata kama abiria wa nyuma watanuna.

Misibani ni pagumu zaidi. Kwetu asiyeonekana msibani husemwa, na kukesha nje kwenye mkeka penye umande ni namna ya kuonyesha upendo. Mimi huenda mchana, nikatoa rambirambi, nikakaa na wafiwa, kisha nikaaga kabla jua halijazama. Mama mkubwa alipouliza mbona siku hizi silali matanga, nilimjibu, "Shikamoo mama, nikilala hapa leo, kesho mtanibeba kunipeleka hospitali." Akacheka, akanifungia chakula. Wapo ndugu ambao hawakucheka, na sina namna ya kuwaridhisha.

Kuna jambo jingine ambalo haliko mikononi mwetu peke yetu. Muuguzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kweli naumwa, kwa kuwa sikuwa nalia. Watu waliozoea maumivu tangu utotoni hujifunza kunyamaza, na ukimya huo huwaponza wakifika mapokezi. Nikiulizwa siku hizi maumivu yangu yanafika wapi kati ya 0 na 10, nasema 9 kama ni 9, wala sipunguzi ili nionekane jasiri.

Nisieleweke vibaya: huruma ninayoizungumzia hairuhusu kuruka dawa kwa sababu mtu amechoka kuwa mgonjwa. Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina ile anayozaliwa nayo kichanga, ambayo huzuia chembe zisijipinde, na kwa wengi vipindi vya maumivu hupungua. Lakini humezwa kila siku, hata katika miezi ambayo mwili umetulia, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa dawa hiyo yaweza kushusha chembe nyeupe. Foleni ya maabara siku ambayo huumwi chochote inachosha sana. Mimi hubeba chupa ya maji na kitabu, na ofisini naomba ruhusa ya siku nzima badala ya nusu, ili nikitoka huko niende moja kwa moja kitandani.