Rangi ilikuwa inabanduka vipande vizima, sasa imeshika

Hii meza ya mtumba ilinitesa kweli, kila nikipiga msasa kingo ili ionekane imechakaa kizamani, rangi inabanduka kama ganda badala ya kulika taratibu. Kumbe chini kuna vanishi ya zamani inateleza, rangi haina pa kushika. Nikakwangua yote, nikaosha na sabuni, ilivyokauka nikapiga msasa namba 120 mpaka mng'ao ukaisha, halafu praima, ile ya kupaka chini ili rangi ishike. Rangi ya kwanza kahawia, ikakauka, nikasugua mshumaa kwenye kingo na karibu na vishikio tu, pale mikono inapogusaga kweli, ndo nikapaka nyeupe. Kesho yake msasa 220, mkono mwepesi, nyeupe ikatoka palepale penye nta, kahawia ikabaki. Nikamalizia na nta ya fenicha, aisee imependeza sana.