Jinsi nilivyomtengenezea ami yangu mkwasa wa mkono mmoja

Katika kidumbak, muziki wetu wa harusi hapa Zanzibar, mkwasa ndiyo ala ndogo kuliko zote na ndiyo isiyopumzika. Vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, vinajibizana, kimoja kikishika mdundo na kingine kikicheza juu yake. Fidla inabeba lahani, sanduku, besi ya boksi la mbao na uzi mmoja, linavuma chini, na cherewa, vile vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, zinachakarisha katikati. Mkwasa ni vijiti viwili vifupi vya mti mgumu vinavyogonganishwa, basi. Lakini harusi ikichangamka, mpiga fidla akaanza kukimbiza na wachezaji wakamfuata, kila mmoja huurudia mkwasa ajue yuko wapi.

Ami yangu ameupiga tangu ujana wake. Kiharusi kilipompata, mkono wa kulia ulibaki mzito: anauinua, lakini vidole havikamati kitu. Wa kushoto mzima kabisa, na masikio mazima zaidi. Wenzake walimwambia aje tu mazoezini, akae nao, heshima yake ipo pale pale. Hakutaka kwenda kukaa. Siku moja nimemwamkia, ameshaitikia marahaba, akaniambia, "Wewe si fundi? Nifanyie kitu nikipige kwa mkono huu uliobaki."

Kazi yangu ni useremala, kibanda changu kipo Mwanakwerekwe, na cherewa nilizipiga katika kikundi hicho hicho nikiwa kijana. Kwa hiyo ombi lake lilinigusa pande zote mbili. Naandika kwa sababu najua nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, mwenye muziki wote kichwani na mkono mmoja tu wa kuutolea.

Kabla ya kushika msumeno nilimwomba anionyeshe upya jinsi mkwasa unavyoshikwa. Kijiti cha chini, kile kinacholia, hakikamatwi. Kinalazwa juu ya ncha za vidole na kitako cha kiganja, dole gumba likikizuia kisidondoke, na kiganja chenyewe kinakunjwa kiwe na shimo chini yake. Kijiti cha juu kinakigonga katikati, kinaondoka papo hapo. Ukikibana kile cha chini kwa nguvu unapata "ko" iliyokufa. Ukikilegeza unapata sauti kali yenye mkia, inayopenya katikati ya ngoma zote.

Sababu yake si siri. Kijiti kikigongwa kinapinda na kujirudi mara nyingi sana kwa sekunde. Katikati kinacheza, ncha zinacheza, ila kuna sehemu mbili zinazotulia. Sehemu hizo ziko karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Ukikishika hapo hukinyang'anyi kitu. Ukikishika kwingine unakizima. Unaweza kujionea kwa macho. Chukua ubao mwembamba, uweke juu ya vipande viwili vya sponji, nyunyiza mchanga mkavu, kisha ugongegonge katikati. Mchanga unarukaruka na kuhama, mwisho unajipanga mistari miwili. Mistari hiyo ndipo pa kushikia. Wapigaji wetu wameijua kwa vidole bila kuambiwa na mtu.

Basi kazi yote ikawa hiyo: kupata chombo kitakachokishika kijiti kinacholia kwa ulaini ule ule wa kiganja cha Ami, na kukigonga bila kuhitaji mkono wa pili.

Nilitazama wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje. Wacuba wana vijiti ndugu wa mkwasa, wanaviita clave, kimoja dume na kingine jike. Mdundo wake ulifika Kongo ndani ya santuri za miaka ya 1930 na 1940 ukachangia kuzaa rumba tunayoicheza mpaka leo. Lakini nao wanatumia mikono miwili. Wahispania wana vibao vyao viwili vilivyochimbwa kama bakuli, vinafungwa kwenye dole gumba na kupigwa kwa vidole vya mkono huo huo. Waairishi hubana vipande viwili vya mfupa wa mbavu au mti kati ya vidole na kutikisa kiwiko. Rajasthan, India, kuna khartal, vibao vinavyochezeshwa ndani ya kiganja kimoja. Vyote ni vizuri na vyote vinataka vidole vyepesi mno, vya mtu aliyeanza utotoni. Ami ana zaidi ya miaka sabini. Nilichochukua kwao ni jambo moja: ile mifupa ya Waairishi imejipinda, kwa hiyo hukutana mahali padogo tu. Hili lilikuja kuniokoa.

Cha kwanza nilichounda kilikuwa vibao viwili bapa, vimeunganishwa nyuma kwa ukanda wa ngozi, unavibana kwa dole gumba vinakutana. Ndicho kila mtu angekiwaza kwanza, na kwa watoto wa madrasa au kwaya ya shule kinatosha. Ami alikipiga kidogo akanirudishia. "Mwanangu, hiki kinapiga kofi, hakilii." Ni kweli. Bapa kwa bapa hewa inabanwa katikati ikatoka "pap", na dole gumba linaendelea kuvibana vibao baada ya kugongana, sauti inauawa ikizaliwa.

Hapo nikaacha kufikiria vibao viwili vilivyo sawa. Katika mkwasa kimoja kinalia, kingine kinagonga. Nikavitenga hivyo hivyo.

Kinacholia nilikitengeneza kwa mpingo. Wachongaji wa vinyago hubakiwa na vipande wasivyovihitaji, na kipande cha urefu wa kiganja hakikatishi mti wowote, jambo ninalolijali, maana mpingo huchukua miaka zaidi ya sabini mpaka ukafaa kuvunwa. Ni mti mzito unaozama majini, na ndio ule ule wanaotengenezea zumari za klarineti huko Ulaya. Una masharti yake. Ukikaushwa haraka unapasuka, kwa hiyo ncha zote nilizipaka nta ya nyuki kwanza na kuuacha kivulini. Vumbi lake linawasha pua na ngozi. Funga kitambaa usoni. Na toa ile sehemu ya nje yenye rangi ya maziwa, tumia moyo mweusi tu.

Bao lenyewe ni sentimita 18 kwa urefu, 3.5 upana, milimita 12 unene. Kuhusu vipimo hivi ni vyema mtu ajue vinavyocheza. Urefu ndio mtawala. Ukilifupisha bao kutoka sentimita 20 hadi 18, mitetemo inaongezeka kwa karibu asilimia 23, sauti inapanda sana. Ukipunguza unene sauti inashuka. Upana hauigusi sana sauti, unagusa nguvu. Kwa hiyo anza na refu, kata kidogo kidogo kutoka ncha mpaka ufike juu unapotaka. Ukipita, pitisha randa tumboni ili irudi chini. Ami alikuwa akilishikilia kwa uzi karibu na sikio, akiligonga kwa ukucha, ananiambia, "Bado liko chini, toa kidogo." Natoa nywele mbili tatu kwa tupa, namrudishia. Alijua sauti anayoitaka kama mtu anavyojua mlango wa kwao.

Matundu nilitoboa kwa keekee, ubavuni, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, sentimita 4 kutoka kila ncha, pale mchanga ulipotulia. Ndani yake nikapitisha mshipi mnene wa kuvulia. Halafu mpini: kipande cha mninga cha sentimita 26, nyuma kimenyolewa kiingie vizuri mkononi, mbele kipana na kimechimbwa kihori. Bao la mpingo linaning'inia juu ya kihori hicho kwa mishipi yake miwili, haligusani na mti popote. Kihori ndicho kiganja kilichokunjwa. Bila kihori sauti ipo lakini kavu, kikiwepo inajaa. Nilichimba kwa patasi huku nikilijaribu bao juu yake, nikasimama pale sauti ilipopata mwili.

Kigongo ndicho kilichonitoa jasho. Kimeshikizwa kwenye mpini kwa ukanda wa ngozi, karibu na mkono, na ncha yake inafika katikati ya bao. Mpigaji anashusha mkono na kuusimamisha ghafla. Kigongo kinaendelea na safari yake, kinagonga. Cha mwanzo kilikuwa cha mwembe, kikawa chepesi mno, hakiendi chenyewe. Nikahamia mninga, nikakitia kinundu cha mpingo kwenye ncha, cha mviringo, ili kigonge mahali padogo kama ile mifupa. Hapo ikatoka sauti ya mkwasa. Mke wangu aliisikia kutoka jikoni akauliza nani amekuja.

Ila ilikuwa ikijibu mara mbili. Kigongo kinagonga, kinarudi juu, kinaangukia tena: "ka-ka". Kwa mtu anayeshika mwendo wa kundi zima hilo halivumiliki. Dawa ilikuwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa milimita 8, unaokivuta kigongo juu mara tu kikishagonga, na juu kuna kizuizi kilichovishwa kitambaa kinene ili kisilete mlio wake. Mpira ukikazwa sana mkono unachoka kabla ya wimbo kwisha. Ukilegea, "ka-ka" inarudi. Nikafunga fundo linaloteleza, Ami akawa anakaza na kulegeza mwenyewe kwa meno. Kwa wimbo wa taratibu analegeza kidogo, kwa wa kasi anakaza. Hilo sikuwa nimelipanga, alilivumbua yeye.

Aliupeleka mazoezini siku za kabla ya msimu wa harusi. Nilikaa nyuma na cherewa zangu. Mwanzoni alikuwa akichelewa kidogo sana, kwa sababu kigongo kina safari ya kwenda ambayo kijiti mkononi hakina. Akajifunza kuushusha mkono mapema kuliko sikio linavyomwambia. Haikumchukua muda. Wimbo wa tatu mpiga sanduku alimgeukia akatikisa kichwa, naye hakumtazama, alikuwa kazini.

Matunzo yake ni madogo. Tyubu inachoka kwa jua na hewa ya chumvi, inakatika bila taarifa, kwa hiyo nimemwekea vipande vya akiba ndani ya kofia ya mpini. Mshipi unalegea, unakazwa. Mpingo unafutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, na chombo hakiachwi ndani ya gari mchana.

Sasa natengeneza wa pili. Ami anautaka kwa zile nyimbo za mwisho wa harusi, pale kidumbak kinapokuwa moto na mwendo wake mkali. Kigongo kiwe kifupi zaidi ili safari ipungue, na bao liwe la sentimita 16 lipande juu ya kelele. Kwa urefu huo matundu yanakaa sentimita 3.6 kutoka kila ncha.